Mfuko Tumboni, Mkwe Hemani

Kwa siku tano za kwanza za safari yetu mume wa binti yangu alilala ndani ya hema dogo la kijani, na katika siku hizo tano mvua ilinyesha siku nne. Hatua kumi kutoka hapo palikuwa na gari-nyumba lenye vitanda vinne, jiko, meza na hita. Humo nililala mimi na binti yangu Nekesa. Kiprono alilala nje kwa sababu nilitaka hivyo, na nilitaka hivyo kwa sababu kwetu, upande wa Busia, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa mtoto wake. Hampi mkono. Hali naye meza moja. Hayo nimeyashika tangu walipooana, wala sikuona ni kwa nini vilima vya Uingereza vingenibadilisha.

Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Sababu ya pili sikumwambia mtu. Upande wa kushoto wa tumbo langu kuna tundu, na juu ya tundu hilo kuna mfuko unaopokea choo, nami nilikuwa nimekata shauri kwamba Kiprono asijue kamwe.

Ninakuandikia wewe uliyetoka hospitalini na mfuko kama huu, na sasa umejifungia chumbani ukijiuliza ni nani atakayekuvumilia. Sitakueleza saratani ya puru ni nini. Hiyo ni kazi ya madaktari. Nitakueleza yale ambayo mimi sikuelezwa.

Damu ya kwanza niliiona mwezi wa Januari. Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya wasichana hapa Eldoret, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka ishirini na sita, mtu wa kusimama gwarideni na kuwahimiza watoto wa watu wasiyafiche matatizo yao. Yangu niliyaficha mpaka majirani walipoanza kupanda mahindi. Nilijiambia kwamba ninavumilia. Haukuwa uvumilivu. Ilikuwa aibu, na aibu hiyo iliupa ugonjwa miezi mitatu ya bure.

Tangu hapo nilianza kuhesabu majira kwa matibabu. Mionzi ilikwenda pamoja na mvua za Aprili na Mei. Mahindi yalipotoa mbelewele, Agosti, nilipasuliwa. Kemo ya kwanza niliipata trekta za kuvuna zilipokuwa zikipanga foleni barabarani, na ya mwisho Februari, wakati mashamba yamebaki mabua na vumbi. Katikati ya hayo yote kulikuwa na benchi. Hakuna anayekuambia kwamba sehemu kubwa ya saratani ni benchi: unaketi, faili mapajani, unasogea nafasi moja, unaketi tena, na kila anayetoka kwa daktari mnamwangalia uso kabla hajaufunga.

Kwenye benchi hilo nilikutana na Mama Jeptoo, mkulima wa Ziwa, mji mdogo karibu na Eldoret, mwenye ng'ombe wa maziwa na sauti ya kuita ng'ombe hao. Alikuwa amenitangulia kupasuliwa. Siku ya kwanza alinitazama nilivyojikunyata chini ya shali, akajipiga tumboni mbele ya watu wote.

"Hata wewe wamekuwekea?"

Nilijifanya sikusikia.

"Mwalimu, nakuuliza wewe. Mimi yangu inalia kanisani. Pasta akisema tuombe, inaanza. Sasa nimeambia wenzangu wa kwaya, mkisikia mtu anaimba besi, ni mimi."

Benchi zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilimwona kuwa mwanamke asiye na adabu, na niliporudi nyumbani nilimwambia mume wangu hivyo. Leo ninaona kwamba kwenye benchi lile yeye peke yake ndiye aliyekuwa amepona.

Mume wangu, Baba Nekesa, nilikuwa nimemhamishia chumba cha watoto tangu nitoke hospitalini. Kila siku ya kemo alinipeleka kwa gari, akaketi kwenye maegesho na gazeti mpaka nilipomaliza, akanirudisha bila kuuliza neno. Nyumbani alifika mpaka mlangoni tu.

"Mama Nekesa, nimeleta uji. Niuache hapa chini?"

"Uache."

"Kama wa mfungwa?"

"Uache, Baba Nekesa."

Nilimsikia akisimama pale kwa muda kabla ya kuondoka. Jambo hilo linaniuma kuliko kisu cha daktari.

Kuhusu mwili, nitasema machache. Tundu lenyewe ni jekundu na lina unyevu, kama upande wa ndani wa mdomo, na haliumi. Vidole vyangu vilikufa ganzi kwa sababu ya kemo. Chaki na vifungo vya nguo vilinishinda, na vikipata baridi huwa si vyangu kabisa. Lakini kilichonivunja ni sauti. Tundu halina msuli wa kuzuia. Linapotaka kusema, linasema, na halibagui mahali. Nilijiona mbele ya wasichana arobaini na watano, kimya cha mtihani kimetanda, kisha sauti ile inatoka tumboni mwa Madam. Mwalimu ambaye darasa limemcheka kwa jambo kama hilo hana tena darasa. Kwa hiyo niliandika barua ya kuomba kustaafu mapema. Likizo yangu ya ugonjwa ingeisha Agosti. Barua ningeipeleka kabla ya hapo. Niliitia kwenye bahasha, nikaichukua Uingereza ndani ya Biblia yangu.

Nekesa ni muuguzi huko. Ndiye aliyesisitiza niende Juni, baada ya daktari wangu kuridhika na vipimo na kuniruhusu kusafiri. Alikuwa amekodi gari-nyumba ili tuzunguke mashambani, tutembee kwa miguu na kuendesha baiskeli polepole. "Mama, choo kitakuwa karibu nawe saa zote," aliniambia kwenye simu. "Hakuna hoteli itakupa hiyo." Nilikubali kwa sharti moja: mumewe asiambiwe. Na kwa sharti la pili, ambalo unalijua: hema.

Hapa lazima nikiri jambo kuhusu Kiprono. Ni mtoto wa wakulima, pia wa upande wa Ziwa, mwenye shahada ya kilimo aliyoipata kwa jasho. Huko Uingereza anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nekesa aliponipa habari hizo, nilimwambia kwenye simu, kwa maneno haya haya: "Shahada ya kilimo, halafu anakwenda kuwapangusa wazungu matako?" Mimi, niliyewafundisha wasichana kwamba kazi haina aibu, na kuwapa insha ya kuandika juu ya mada hiyo.

Tulikwenda Derbyshire. Ni nchi ya vilima vya kijani na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na katika kuta hizo kuna vipandio ili mpita njia avuke kutoka shamba hili hadi lile. Nilishangaa sana. Watu wasiojuana na mwenye shamba wanakatiza katikati ya ng'ombe wake, wanafunga lango nyuma yao, wanakwenda zao, na hiyo ni haki yao tangu zamani. Huku kaunti ya Uasin Gishu ninakoishi ningewekewa seng'enge na mbwa. Kiprono kila alipoona ng'ombe alisimama kuwakagua.

"Hii, Mama, ikiletwa Ziwa, wazee watatoka kwa mkutano waje kuiangalia," alisema, akiwa umbali wake wa heshima, hatua ishirini nyuma yangu.

Kila asubuhi, katika maeneo ya kuegeshea magari-nyumba, alifanya kazi ambayo niliiona ya kudhalilisha. Choo cha gari-nyumba kina tangi dogo chini lenye mpini, na tangi hilo hubebwa hadi mahali maalumu, likamwagwa na kuoshwa. Kiprono alilibeba akipiga mbinja wimbo wa kanisani, akawasalimu wazungu waliobeba yao, kana kwamba wanakutana kisimani. Akirudi alisema kutoka nje ya dirisha, "Choo kimeenda, Mama, sasa chai inakuja." Nilifunga pazia.

Nami nilikuwa na safari yangu, Kiprono asije akaona mfuko kwenye takataka za gari-nyumba. Kila alfajiri, kabla hajaamka, nilitoka na mkoba na mwavuli hadi kwenye vyoo vya wageni, nikabadilisha mfuko, nikautupa, nikarudi nimenyooka kama mtu anayetoka ibadani. Nekesa aliniuliza siku ya pili, "Mama, unaenda kanisani na jaketi ya mvua?" Nilimwambia anyamaze. Macho yake yalikuwa yamechoka, na nilijua ni mimi niliyeyachosha.

Siku ya tano mvua ilikatika. Kuna njia huko iliyokuwa ya reli. Vyuma vimeng'olewa, ikasawazishwa, na sasa ni ya watembeaji na baiskeli. Inapita juu ya madaraja marefu na ndani ya mahandaki, wala haina mlima. Mimi baiskeli naijua. Baba yangu alibeba abiria kwa baiskeli mpakani Busia kabla pikipiki hazijaja, na nilijifunza kwa kupitisha mguu chini ya mwamba wa baiskeli yake nyeusi. Ile niliyokodishiwa ilikuwa na betri ya kusaidia, na juu ya kiti chake palikuwa pamefungwa ngozi ya kondoo. Daktari alikuwa ameishona na kuifunga njia ya haja pale chini nilipopasuliwa, na kuketi juu ya kitu kigumu ni adhabu. Baiskeli za wengine hazikuwa na ngozi.

"Kwa nini yangu tu?" nilimwuliza Nekesa.

"Mimi hata sijui nani ameweka. Panda, Mama."

Nilipanda. Kwa saa nzima nilikuwa mtoto wa Busia tena. Upepo ulinipiga usoni, mto ulipita chini kabisa ya daraja, kondoo walikuwa kama nukta. Kulikuwa na mkahawa mbele uliokuwa karibu kufungwa, na Nekesa akatangulia kwa kasi kwenda kuagiza chai. Katika kikapu chake ulikuwa mkoba wangu wa mifuko ya akiba. Nilikuwa nimeuweka huko makusudi, Kiprono asije akaniuliza ni wa nini.

Handaki lilikuwa refu, baridi, likidondosha maji. Nilipotokea upande wa pili nilihisi ujoto ukiteremka pajani. Ukiwa na mfuko, unaujua ujoto huo. Jasho lilikuwa limelegeza gundi.

Nilisimama, nikaegemea ukuta wa mawe. Breki za Kiprono zilisikika nyuma.

"Mama, ni pancha?"

"Hapana. Pita. Mwite Nekesa."

"Nekesa ameenda mbali, na hapa simu haina netiweki."

"Basi pita, na usiniangalie."

Hakupita. Nilisikia akiiegemeza baiskeli yake. Nilipogeuka kumkemea, nilikuta amenipa mgongo, uso wake umeelekea handakini.

"Mama, unisamehe kwa yale nitasema. Kwa mkoba ya nyuma ya baiskeli yangu kuna pochi ya buluu. Iko na mfuko mpya, maji, vitambaa, kila kitu. Nimekuwa nayo tangu tutoke nyumbani."

"Nekesa alikuambia!"

"Hakuniambia."

"Usinidanganye, Kiprono."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu. Ukiinuka unashika hapo tumboni. Ukikohoa unashika hapo. Niliona siku ile ya kwanza pale uwanja wa ndege. Nekesa hata nikimuuliza kwa nini unaenda kuoga na mwavuli, ananiambia nikuheshimu."

Alitembea kinyumenyume, akaiweka pochi karibu na miguu yangu bila kutazama, kisha akavua koti lake kubwa la mvua. Alilishika nyuma ya mgongo wake kwa mikono miwili, likawa pazia, yeye mwenyewe akiwa upande wa pili akitazama njia. Wazee wawili walipita na mbwa wao. Walimsalimu. Aliwaambia kwa Kiingereza kwamba mama yake anapumzika kidogo. Hakusema mama mkwe.

Niliondoa mfuko uliovuja, nikajisafisha. Ilibaki kubandika mpya, na nyuma ya gundi kuna karatasi inayobanduliwa. Handaki lilikuwa limevigandisha vidole vyangu. Nilijaribu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nilijaribu kwa meno. Tundu, ambalo halina subira, lilianza kuunguruma. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, msomi, mzee wa kanisa, nimesimama tumbo wazi kando ya njia katika nchi ya watu.

"Kiprono."

"Mama."

"Vidole vyangu havisikii. Siwezi kubandua karatasi."

"Nipe."

Alinyoosha mkono mmoja nyuma, kiganja wazi, kichwa hakikugeuka. Niliutazama mkono ule. Tangu siku ya mahari sikuwahi kuugusa. Niliuweka mfuko kiganjani mwake, na vidole vyangu vikagusa vyake. Ulikuwa mkono wenye joto, mgumu kidogo, wa mtu aliyekamua maziwa utotoni.

"Ngoja niipashe joto kwa mikono," alisema. "Inashika vizuri ikiwa na joto." Kisha akaongeza: "Kuna mzee mmoja huko kazini. Nikimbadilisha, ananiambia habari ya mbwa wake, na huyo mbwa alikufa zamani. Namwacha aongee. Na wewe ongea, Mama."

"Niongee nini?"

"Chochote. Nikosoe."

"Sema mkoba wa nyuma," nilimwambia. "Si mkoba ya."

"Sawa, Madam."

Ndipo nilipocheka. Nilicheka mpaka tumbo likanionya. Akanirudishia mfuko umebanduliwa, una joto, nami nikaubandika, ukashika.

Nilipokuwa nikifunga nguo, bado amenipa mgongo, nilimwambia, "Kiprono, niliwahi kusema neno baya juu ya kazi yako."

"Nilisikia, Mama. Nekesa alikuwa ameweka spika."

"Ulisikia, na bado ukabeba pochi?"

"Mama, hiyo ni mambo mbili tofauti."

Sikumkosoa.

Mkahawani Nekesa alitupokea na mikono kiunoni. "Mmepotelea wapi? Chai imepoa!"

"Tulikuwa na kazi," nilisema. Kiprono alianza kuelekea meza ya pembeni, kama alivyofanya siku zote. Nikamwita aketi nasi. Alimtazama mkewe, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja usaili, akala vitumbua vyao vikavu bila kuinua macho. Nekesa alinitazama, akaitazama pochi ya buluu mezani, akaanza kulia kwa furaha, na hakuna aliyemnyamazisha.

Jioni mvua ilirudi. Nilisimama kwenye mlango wa gari-nyumba, nikamwambia Kiprono aingie alale ndani.

"Hapana, Mama. Asante. Huku nje niko sawa."

"Utanyeshewa."

"Mvua naizoea. Lakini wewe unakoroma."

Nekesa alijifunika uso kwa taulo. Sijawahi kumsikia mkwe akimwambia mama mkwe neno kama hilo, wala sidhani nitalisikia tena. Nilifunga mlango nikicheka, na nadhani sote watatu tulishukuru kwamba hakukubali. Mila ile bado ninaiheshimu. Mume wa mtoto wangu alinifundisha kwamba mtu anaweza kuishika kikamilifu, mgongo ukiwa umegeuzwa, na bado mkono wake ukafika.

Siku tano zilizosalia nilibadilisha mfuko ndani ya gari-nyumba, mchana, mlango umefungwa kawaida. Kiprono alipokwenda kumwaga tangi, nilimkabidhi na wangu uliofungwa vizuri. Alichukua vyote viwili, akaendelea kupiga mbinja.

Nilirudi Eldoret. Siku hiyo hiyo nilimwita Baba Nekesa chumbani, nikainua blauzi. Alivaa miwani yake ya kusomea. Alitazama kwa makini, kama anavyotazama gazeti.

"Ni hii tu?"

"Ni hii."

"Nimelala kitanda cha Nekesa, miguu ikining'inia, mwaka karibu mzima, kwa sababu ya hii?"

Alirudisha mito yake kabla ya chakula cha jioni.

Barua ya kustaafu ilikuwa bado ndani ya Biblia. Mfuko hukatwa tundu kwa kufuata kipimo cha karatasi, na kipimo changu cha hospitali kilikuwa kimeraruka. Bahasha ile ilikuwa ya karatasi ngumu. Niliikata kipimo kipya, na barua ikiwa ndani.

Mwishoni mwa Agosti, muhula wa tatu ulipofunguliwa, niliingia Kidato cha Tatu. Nilikuwa na blauzi pana na chaki niliyoishika kama mtoto anayeanza shule. Niliwapa ufahamu waandike. Kimya kilitanda, kile kile nilichokiogopa. Dakika ya kumi, tumbo likasema, kwa urefu, bila haya. Vichwa arobaini na vitano viliinuka. Msichana wa mbele aliuma kalamu kujizuia.

Niliweka chaki chini.

"Nilikuwa mgonjwa, mkaambiwa nimesafiri," nilisema. "Nilipasuliwa. Sasa nina mfuko tumboni, na mfuko huo huongea. Utaongea muhula mzima. Anayetaka kucheka acheke sasa, nampa dakika moja."

Walinitazama. Kisha mmoja akacheka, halafu darasa zima, nami nikiwa miongoni mwao, macho yangu kwenye saa.

"Dakika imekwisha," nilisema. "Swali la pili."

Wakainama, wakaandika.